Wattaya: Kutoka dia ya ukoo hadi bima ya gari

Makala ya historia inaelekea Wattaya, kitongoji cha mji wa Muscat, nchini Oman. Msafiri anayetoka Ruwi kuelekea uwanja wa ndege hupita hapo, na huona maduka makubwa ya magari yaliyojipanga kando ya barabara kuu. Gari jipya hung'ara nyuma ya vioo, lakini haliruhusiwi kuingia barabarani kabla ya mwenyewe kupata mkataba wa bima. Hapo ndipo swali huulizwa, kwa Kiarabu, kwa Kihindi, na mara nyingi kwa Kiswahili pia: bima ipi ni nafuu?

Ni swali la haki. Mwenye kulipa karo za watoto na kuwatumia jamaa fedha Unguja, Pemba au Mombasa hana sababu ya kulipa ada kubwa kuliko inavyohitajika. Hata hivyo, historia ya gari na bima katika nchi hiyo inaonyesha kwamba kuna unafuu wa aina mbili. Upo unaookoa fedha, na upo unaohamishia hasara kwa mwenye gari, au kwa mtu aliyegongwa naye.

Kilomita 10 za lami

Kabla ya mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na takriban kilomita 10 tu za barabara ya lami. Katika utawala wa Sultan Said bin Taimur, kuingiza gari nchini kulihitaji idhini yake, na milango ya mji wa Muscat ilifungwa usiku. Tarehe 23 Julai mwaka 1970 mwanawe, Sultan Qaboos, alishika madaraka, na nchi ikaanza kujengwa kwa mapato ya mafuta. Ruwi ikawa kitovu cha biashara. Mwaka 1973 uwanja wa ndege wa Seeb ukafunguliwa, na Wattaya, iliyo magharibi ya Ruwi, ikajikuta kwenye njia kuu ya mji unaokua.

Sultan Qaboos aliwaita nyumbani Waomani waliokuwa ughaibuni. Miongoni mwao walikuwamo maelfu wenye asili ya Oman waliokuwa wameondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya Januari 1964, wengi wao wakiwa wamepitia Dubai, Kuwait au Cairo. Walikuja na elimu ya shule na lugha ya Kiingereza, wakaajiriwa katika wizara, benki, hospitali na sekta ya mafuta. Walikuja na Kiswahili pia, na hadi leo lugha hiyo husikika katika nyumba na maduka ya Muscat.

Wengine waliofuata baadaye kutoka Tanzania walitoka katika mazingira tofauti kabisa ya bima. Huko bara, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara ya bima iliwekwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa. Visiwani, Shirika la Bima la Zanzibar lilianzishwa mwaka 1969. Ushindani wa makampuni binafsi haukurejea Tanzania hadi sheria ya mwaka 1996. Kwa aliyezoea shirika moja na bei moja, kuzunguka kutoka kampuni hadi kampuni kulinganisha ada lilikuwa jambo geni.

Dia kabla ya bima

Oman haikuwa nchi isiyojua kinga ya pamoja. Katika sheria ya Kiislamu, mtu akimuua mwenzake bila kukusudia, jamaa wa marehemu wana haki ya kulipwa dia, isipokuwa wakisamehe. Mzigo huo haukuachwa juu ya mabega ya mtu mmoja. Ulibebwa na ukoo wake, yaani wale ndugu wa kiume ambao wanazuoni huwaita akila, na uligawanywa ili kila mmoja atoe kidogo kidogo kwa muda wa miaka mitatu. Lengo lilikuwa la wazi: familia ya marehemu isikose haki yake, na aliyekosea bila kukusudia asifilisike.

Utaratibu huo ulifaa pale watu walipojuana na ajali za mauti zilipokuwa chache. Gari lilibadilisha mambo. Barabara ziliongezeka, mwendo ukaongezeka, na aliyegonga na aliyegongwa wakawa watu wasiojuana, pengine mmoja Muomani na mwingine mfanyakazi kutoka Kerala au Bangladesh. Mgeni aliyekuja kufanya kazi ya udereva Muscat hana ukoo wa kumchangia huko. Ndipo kampuni ya bima ilipochukua nafasi ya akila.

Sheria ya bima ya magari ya Oman ilitolewa kwa Amri ya Kifalme namba 34 ya mwaka 1994. Inamlazimu kila mwenye gari kuwa na bima inayowakinga watu wengine, ile ambayo Tanzania hujulikana kwa wengi kama bima ndogo. Mwaka 2008, kwa Amri ya Kifalme namba 118, kiwango cha dia kiliwekwa kuwa riali 15,000 za Oman.

Uzito wa kiasi hicho huonekana kikipimwa kwa mshahara. Dereva anayepokea, kwa mfano, riali 300 kwa mwezi angehitaji mishahara mizima ya miezi 50, bila kula wala kulipa kodi ya nyumba, ili kulipa dia ya mtu mmoja. Wakifa wawili, ni zaidi ya miaka minane. Wala hilo halikuwa jambo la nadra. Mwaka 2012 pekee watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha katika barabara za Oman, nchi ambayo wakati huo ilikuwa na wakazi wasiofika milioni nne. Idadi hiyo ilipungua sana katika miaka iliyofuata, lakini somo lilibaki: sehemu ya bima inayolipa damu ya mwenzako si mahali pa kutafuta unafuu.

Chombo cha baharini kinachotembea nchi kavu

Neno bima lenyewe lilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya wafanyabiashara wa Kihindi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa baharini. London, soko la Lloyd's lilianza katika mkahawa wa kahawa mwishoni mwa karne ya 17, na kwa zaidi ya miaka 200 lilihusika zaidi na meli na shehena. Mwaka 1904, Lloyd's ilipoanza kukatia bima gari, hapakuwa na maneno mengine ya kutumia ila yale ya baharini, na gari likachukuliwa kama chombo kinachosafiri nchi kavu.

Bima ya lazima ilikuja baadaye. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilianza kuitekeleza mwaka 1927, na Uingereza ikapitisha sheria yake mwaka 1930. Sababu ilikuwa ile ile iliyowasumbua wazee wa Oman: nani atamlipa aliyegongwa, ikiwa aliyemgonga hana kitu?

Baharini palikuwa na hekima nyingine. Mwenye jahazi hakutafuta kinga dhidi ya kila kamba itakayokatika. Alitafuta kinga dhidi ya kuzama. Hasara ndogo aliibeba mwenyewe, na hasara kubwa akaigawa na wengine. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa kuokoa fedha katika bima ya gari hadi leo.

Somo la Gonu

Tarehe 6 Juni mwaka 2007 kimbunga Gonu kilipiga pwani ya Oman. Takriban watu 50 walikufa, na hasara ilikadiriwa kufikia dola bilioni 4. Maji yaliyoshuka milimani kupitia Wadi Adai, bonde linalopita karibu na Wattaya na kuelekea Qurum, yaligeuza barabara kuwa mito. Katika mji wa Muscat magari yalibebwa, yakarundikwa na kufukiwa na matope.

Maji yalipokauka, kila mwenye gari alitafuta mkataba wake. Waliokuwa na bima ndogo hawakuwa na cha kudai kwa ajili ya magari yao, kwa sababu bima hiyo hulipa madhara ambayo gari limewafanyia wengine. Kwa wenye bima kubwa, inayolikinga na gari lenyewe, jibu lilitegemea maneno machache yasiyosomwa na wengi: je, mkataba unakubali au unakataa hasara za maafa ya kimaumbile? Watu wawili wenye karatasi zinazofanana kwa jina waliweza kupata majibu mawili tofauti.

Gonu haikuwa ya mwisho. Kimbunga Phet kilifuata mwaka 2010, Shaheen mwaka 2021, na mafuriko ya Aprili 2024 yalileta tena vifo na uharibifu. Kwa anayeegesha gari karibu na wadi, kukiondoa kifungu cha mafuriko ili kupunguza ada ni kuuza mwavuli siku ya kiangazi.

Somo la Nairobi

Kuna unafuu mwingine ambao historia ya Afrika Mashariki inautahadharisha. Nchini Kenya, shirika la bima la taifa, Kenya National Assurance, lilianguka mwaka 1996. Mwaka 2005 kampuni ya United Insurance, iliyokuwa na wateja wengi wenye matatu, iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria, na mwaka 2011 ikafuata Blue Shield. Wamiliki wa magari waliokuwa wamelipa ada zao kwa uaminifu walijikuta hawana wa kuwasimamia mahakamani, na majeruhi wakasubiri fidia kwa miaka. Ada iliyokuwa ndogo siku ya kulipa ilikuwa ghali siku ya ajali.

Ndiyo maana mtu huchunguza kwanza kampuni, kisha bei. Nchini Oman usimamizi wa bima ulikabidhiwa Mamlaka ya Soko la Mitaji mwaka 2004, na tangu mwaka 2024 jukumu hilo ni la Mamlaka ya Huduma za Fedha. Tanzania, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima imeingiza stika za magari katika mfumo wa kielektroniki, ili mwenye gari aweze kuhakikisha kwamba alichouziwa ni bima ya kweli.

Njia ya ushirika

Kwa Waislamu wengi palikuwa na swali jingine: je, bima ya kibiashara ni halali? Mwaka 1985, baraza la kimataifa la wanazuoni wa fikihi lililokutana Jeddah liliikataa bima ya kibiashara na kuikubali ile ya ushirika, inayojulikana kama takaful. Sudan ilikuwa imeshatangulia kwa kuanzisha kampuni ya aina hiyo mwaka 1979. Oman ilitoa sheria ya takaful kwa Amri ya Kifalme namba 11 ya mwaka 2016.

Katika takaful wanachama huchangia mfuko mmoja, na ziada ikibaki baada ya kulipa madai inaweza kurudishwa kwao. Wanazuoni walioitetea waliikumbuka akila, ule ukoo unaochangiana dia. Lakini ziada si ahadi: mwaka wa mafuriko huenda isiwepo kabisa. Mwenye kuchagua takaful hana budi kulinganisha vifungu vyake kama afanyavyo kwa kampuni nyingine yoyote.

Kinachopunguzwa na kisichopunguzwa

Kutokana na historia hiyo, mambo kadhaa hujipambanua. La kwanza ni thamani ya gari. Gari jipya lililonunuliwa kwa mkopo linahitaji bima kubwa, na benki huidai. Gari lililozeeka ni jambo jingine: ikiwa ada ya bima kubwa kwa miaka michache inakaribia bei ya gari lenyewe, mwenye akiba kidogo anaweza kurudi kwenye bima ndogo bila hofu.

La pili ni ile sehemu ya kila hasara ambayo mwenye gari hukubali kuibeba mwenyewe. Anayekubali kubeba riali 100 badala ya 50 hupunguziwa ada, mradi riali hizo 100 anazo. La tatu ni karakana: mkataba unaoruhusu matengenezo kwa wakala rasmi peke yake huwa ghali zaidi. Gari likishakuwa la miaka kadhaa, karakana nzuri ya kawaida hutosha. La nne ni subira. Makampuni mengi humpunguzia mwaka unaofuata mteja asiyedai, hivyo mkwaruzo wa riali chache mara nyingi ni nafuu kuutengeneza kwa fedha za mfukoni.

Yapo na yasiyopunguzwa. Dereva mwenyewe kwa kawaida hahesabiwi kuwa mtu mwingine katika bima ndogo, kwa hiyo kinga yake binafsi na ya abiria, ambayo huongeza ada kidogo, isiachwe. Gari linalovuka mpaka lina mahitaji yake. Nchi za Kiarabu zilikubaliana mjini Tunis mwaka 1975 kuhusu kadi ya rangi ya chungwa, kama vile nchi za COMESA zilivyokubaliana mwaka 1986 kuhusu kadi ya njano, na mkataba wa nyumbani pekee hautoshi kila mahali.

Kisichopunguzwa zaidi ni ukweli. Anayesema gari ni la familia huku akilibebea abiria kwa malipo, au anayemkabidhi usukani kijana asiye na leseni, anaweza kukuta kampuni imemlipa majeruhi kisha imegeuka kumdai yeye. Hapo dia ya riali 15,000 hurudi pale ilipokuwa kabla ya kuwapo bima, na safari hii hakuna ukoo wa kuigawana.

Wazee walisema tahadhari kabla ya hatari. Akila ilidumu karne nyingi kwa sababu kila mmoja alitoa kidogo asichokihitaji sana, ili asije mmoja wao akatoa asichokuwa nacho. Mkataba wa bima unaokaguliwa Wattaya leo unapimwa kwa mizani hiyo hiyo.