Kaole: Nani Alijenga Mnara Juu ya Kaburi?

Jamani, mwulize mtu yeyote Dar kuhusu Bagamoyo. Atakutajia watumwa, pembe za ndovu, Wajerumani na maiti ya Livingstone iliyopitishwa pale mwaka 1874. Yote ya karne ya 19! Utadhani pwani ile ililala usingizi ikimsubiri mgeni aje kuiamsha.

Haya, twende Kaole, kilomita kama 5 kusini mwa mji. Pana magofu ya misikiti miwili, wa zamani zaidi ukikadiriwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi zaidi ya 20. Baadhi yana minara ya mawe mirefu kuliko mtu. Humo yalipachikwa mabakuli kutoka China, kama pambo na heshima kwa marehemu. Siku hizi mengi yamebaki vishimo tu.

Wageni hupiga picha, huzunguka mbuyu ili waongeze umri, huondoka. Mimi nabaki na mnara. Bakuli lilivuka bahari, lakini mnara je? Makaburi ya aina hii yako pwani yetu, toka Somalia, Malindi na Gede mpaka Kunduchi. Uarabuni na Uajemi, tulikofundishwa kutafuta asili ya kila jiwe la pwani, huyakuti. Yamejengwa kwa matumbawe ya hapa hapa na chokaa iliyochomwa hapa hapa.

Neville Chittick alichimba Kaole mwaka 1958. Wasomi wa enzi yake waliona miji ya pwani kuwa kazi ya wahamiaji kutoka Asia. Baadaye Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifuatilia vigae vya vyungu, akaonyesha kuwa wakulima na wafua chuma waliishi pwani hii karne nyingi kabla ya misikiti hiyo. Wageni walikuja, wakafanya biashara, wakaoa. Ila walikuta wenyeji.

Bandari ya Kaole ilijaa mchanga na mikoko, biashara ikahamia Bagamoyo. Waliobaki ni hao marehemu na minara yao. Sasa chumvi inaila, mizizi inaipasua, na wapo waliobandua mabakuli wakaenda nayo. Mnara mmoja ukianguka, tumepoteza shahidi. Halafu tutamjibu nini atakayetuambia tena kwamba pwani hii ilijengwa na wageni?