Neptune ilipatikana, Vulcan hapana

Bandugu, mu promosyo yetu tulikuwa tunarudilia neno moja: teoria ikifaulu, njo kusema ni ya kweli. Miye pia niliiandika mu ekzame, nikapata pointi. Leo sina tena hakika.

Angalieni Le Verrier, Mfaransa. Uranus haikufuata njia yenye hesabu ya Newton iliiwekea. Akasema: kuna sayari ingine inayoivuta. Tarehe 23/9/1846, kule Berlin, Galle akalenga darubini, akaiona usiku uleule, chini ya digrii 1 kutoka mahali palipohesabiwa. Neptune hiyo. Nani angebisha?

Mu 1859 ikawa zamu ya Mercury, nayo haikutii hesabu. Le Verrier akafanya vilevile: sayari ingine, karibu na jua. Vulcan. Daktari moja wa kijijini, Lescarbault, akasema ameiona na macho yake, hata akapewa nishani ya Légion d'honneur! Le Verrier alikufa mu 1877 akingali anaiamini.

Haikuwako. Mu 1915 Einstein akaeleza ile tofauti, sekunde 43 za pembe kwa karne, bila sayari yoyote. Newton mwenyewe njo alihitaji kurekebishwa.

Mutu moja, njia moja. Ningekuwa Paris mu 1860, ningeamini zote mbili.