Hati za Rehema na Mtambo wa Kuchapa

Miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa kuchapwa Ulaya kwa herufi za kupangwa ni hati za rehema, yaani vyeti vya Kanisa Katoliki vya kupunguziwa adhabu ya dhambi, alivyopewa aliyetoa mchango wa fedha. Zilichapwa Mainz, Ujerumani, mwaka 1454, mwaka mmoja baada ya Waturuki kuiteka Konstantinopoli, na fedha zake zilikusudiwa kukilinda kisiwa cha Kupro. Kila hati ilikuwa ya ukurasa mmoja. Maneno yalikwisha kuchapwa. Paliachwa wazi mahali pa jina la mtoaji na pa tarehe, mwandishi akajaza kwa kalamu.

Mtambo wenyewe ulibuniwa na Johannes Gutenberg. Herufi zilisubiwa moja moja kwa mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni, zikapangwa, zikapakwa wino wa mafuta na kukandamizwa kwenye karatasi. Ukurasa ukiisha, zilezile zilifumuliwa na kupangwa upya. Biblia yake ya Kilatini, iliyokamilika karibu 1455, ilitoka nakala zipatazo 180. Faida hakuiona: mfadhili wake, Johann Fust, alimshitaki kwa deni mwaka huohuo.

Kanisa halikuwa na sababu ya kuuogopa mtambo huo, kwani uliharakisha hata uchangishaji wa fedha. Mgogoro ulianzia kwenye fedha hizohizo. Albrecht wa Brandenburg, aliyepata uaskofu mkuu wa Mainz mwaka 1514, alikopa kwa akina Fugger, matajiri wa Augsburg, ili ailipe Roma gharama za cheo. Roma ikamruhusu atangaze rehema: nusu ya mapato ikajenge Basilika la Mtakatifu Petro, nusu ilipe deni. Waumini waliotoa vijisenti vyao wakitumaini kuwapunguzia marehemu adhabu ya toharani hawakuambiwa habari za deni.

Tarehe 31 Oktoba 1517 Martin Luther, mtawa na mwalimu wa chuo kikuu cha Wittenberg, alimwandikia Albrecht barua ya kulalamika, akaambatisha hoja 95. Kisa cha kuzigongomea hoja hizo mlangoni mwa kanisa kinapendwa sana, ila wanahistoria bado wanakibishania. Barua haina ubishi. Hoja zilikuwa za Kilatini, lugha ya wasomi, na kabla mwaka haujaisha zilikuwa zimechapwa Leipzig, Nürnberg na Basel. Kilichowafikia wengi zaidi ni kijitabu cha Kijerumani kuhusu rehema alichokitoa mwaka 1518. Wachapaji wa miji mbalimbali walikitoa upya bila kumwomba ruhusa, maana haki miliki haikuwapo, na kijitabu cha kurasa chache kiligharimu kidogo na kuuzika upesi. Si wote waliomwamini Luther. Biashara ni biashara.

Mwaka 1521 Luther alitengwa na Kanisa, akafichwa katika ngome ya Wartburg, na humo akatafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Lilitoka Septemba 1522, likiwa na picha kutoka karakana ya Lucas Cranach, na kufikia Desemba likachapwa tena. Biblia nzima ilifuata mwaka 1534.

Mwaka 1555 mapatano ya Augsburg yaliwaachia watawala wa Ujerumani wachague kati ya Ukatoliki na Ulutheri. Kanisa nalo lilijibu: mwaka 1559 Roma ilitoa orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku, na mwaka 1567 Papa Pius V akafuta rehema zote zilizoambatana na malipo.