MIZANI YA MTOTO WA SHULE NCHINI KENYA

Afya ya taifa huonekana kwanza katika miili ya watoto wake. Katika nchi jirani ya Kenya jambo hilo limepimwa kwa mizani kwa muda wa karibu miaka mia moja.

Mwaka 1931 John Boyd Orr na J. L. Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya tiba ya koloni hilo, walitoa taarifa kwamba mwanamume wa Kimasai alimzidi yule wa Kikuyu kwa wastani wa ratili 23, yaani kilo 10 na ushei. Sababu waliyoitaja ni chakula: maziwa, nyama na damu kwa mmoja, nafaka na viazi kwa mwingine. Miaka michache kabla ya hapo, Orr alikuwa ameonyesha huko Scotland kwamba wanafunzi waliopewa maziwa shuleni walikua upesi zaidi. Lakini wakoloni walioshughulikia chakula cha Mkikuyu ndio hao hao waliotwaa sehemu ya ardhi yake.

Baada ya uhuru, mwaka 1979, Rais Daniel arap Moi aliagiza wanafunzi wa shule za msingi wapewe maziwa bure, yakaitwa Maziwa ya Nyayo. Mpango huo ulififia katika miaka ya 1990. Kati ya 1998 na 2000, uchunguzi katika shule 12 za Embu ulithibitisha tena ukweli ule ule: watoto walioongezewa githeri shuleni, iwe kwa nyama, maziwa au mafuta, waliongezeka uzito kwa kiasi cha asilimia 10 kuliko wenzao wasiopewa chochote.

Hata hivyo, mizani ina upande wa pili. Uchunguzi wa watoto 563 wa Nairobi wenye umri wa miaka 9 hadi 11, uliotangazwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba mmoja kati ya watano alikuwa na uzito uliopita kiasi. Waliokonda hawakufika wanne katika kila mia.

Basi nchi moja inabeba mizigo miwili. Mtoto wa kijijini angali anahitaji bakuli la chakula shuleni, na wa mjini anahitaji chakula bora na uwanja wa kuchezea. Serikali itakayotazama upande mmoja tu wa mizani itakuwa imepima nusu ya watoto wake.