Thuku, Kenyatta na Lugha ya Gazeti

Vilima vilivyo magharibi ya Ruiru na Thika vilitoa wanasiasa wawili waliopitia kazi ya magazeti, na kila mmoja alichagua lugha yake.

Harry Thuku wa Kambui alianza kwa kupanga herufi za chapa katika Leader, gazeti la walowezi mjini Nairobi. Mwaka 1921, akiwa kiongozi wa East African Association, alitoa Tangazo kwa Kiswahili, kwani chama chake kilitafuta wafuasi wa makabila yote. Machi 1922 alikamatwa, na umati uliodai aachiliwe ukapigwa risasi. Yeye akapelekwa uhamishoni Kismayu.

Jomo Kenyatta wa Gatundu alianza kuhariri Muigwithania mwaka 1928, gazeti la Kikuyu Central Association. Lugha yake ilikuwa Kikuyu. Lilikuza umoja na fahari ya mila, lakini jirani asiyeijua lugha hiyo lilimwacha nje.

Hata hivyo, mwaka 1974 Kenyatta, sasa Rais, aliagiza Bunge litumie Kiswahili. Thuku alikuwa amefariki mwaka 1970. Lugha ya Tangazo ilikuwa imeingia Bungeni.