Akaunti Mamluki

Katika michezo ya shule, mchezaji anayevalishwa jezi ya shule asiyosoma huitwa mamluki. Kwenye uchaguzi wa mtaa, mamluki ni mtu anayeletwa kupiga kura mahali asipoishi. Neno lina asili ya Kiarabu: lilimtaja askari mtumwa, kisha likamhusu askari wa kukodiwa. Kwa msingi huo napendekeza istilahi "akaunti mamluki": akaunti ya mtandao wa kijamii inayoendeshwa na mgeni anayejifanya raia ili aingilie siasa za nchi isiyo yake.

"Akaunti bandia" ni neno pana mno. Mwaka 2020 watafiti wa DFRLab, maabara inayochunguza upotoshaji mtandaoni, waliichunguza akaunti ya Twitter yenye jina la Lerato Pillay, iliyochochea chuki dhidi ya wageni Afrika Kusini. Pillay ni jina la ukoo wa Kihindi ambalo mkazi wa Sydenham, mtaa wa Durban, angelisoma bila kushtuka. Nyuma ya akaunti alikuwapo mwanajeshi wa zamani, Mwafrika Kusini. Akaunti hiyo ilikuwa bandia, lakini haikuwa mamluki.

Mamluki hasa walionekana Mei 2019, Facebook ilipofuta jumla ya kurasa, makundi, matukio na akaunti 265 zilizohusishwa na kampuni ya Archimedes ya Israeli. Waendeshaji walijifanya wenyeji wa Nigeria, Senegali, Togo na kwingineko, wakiandika kuhusu wanasiasa na uchaguzi.

Novemba 2025 mtandao wa X (zamani Twitter) ulianza kuonyesha nchi iliko akaunti, na nyingi zilizojinadi kuwa za wazalendo wa Marekani zikakutwa nje ya Marekani. Hata hivyo, nchi inayoonyeshwa haithibitishi uraia. VPN, huduma inayoficha mahali alipo mtumiaji, huweza kuipotosha, na raia wengi wanaishi ughaibuni. Mkongomani anayeishi Sydenham akijadili siasa za Kinshasa si mamluki. Mrundi anayesema wazi kuwa ni mgeni akatoa maoni kuhusu Durban naye si mamluki, wala mkosoaji anayeficha jina kwa kuhofia usalama wake. Kosa ni kudai uraia wa uongo.

Durban inaijua gharama ya uchochezi. Ghasia za Julai 2021 katika KwaZulu-Natal na Gauteng ziliua watu zaidi ya 350, na uvumi mitandaoni ulizidisha hofu kati ya majirani wa asili ya Kihindi na Waafrika. Tulitumie neno hili kwa uangalifu: tumwite mamluki yule tu ambaye ushahidi umemfichua, na tusilifanye fimbo ya kumchapia kila mgeni.