Mkono wa Babu (Sehemu ya 4)

ILIPOISHIA: Mjomba aliapa kwamba Babu karogwa, akataka apelekwe kwa mganga. Alfajiri, Neema akampakia Babu kwenye Noah, wakateremka kutoka Machame hadi KCMC bila kumuaga mtu.

SONGA NAYO...

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba."

Daktari alikuwa ameukazia macho mkono wa kulia uliolala pajani. Kidole gumba na cha shahada vilisuguana kama vinavyopukuchua mahindi. Babu alipouinua wasalimiane, tetemeko likakoma.

"Harufu ya kahawa ikikaangwa unaisikia?"

"Siisikii. Miaka sasa."

Neema akashtuka. Mzee aliyezeekea kwenye mibuni!

"Na choo?"

Babu akamtupia jicho mjukuu wake. Neema akajifanya anasoma bango la chanjo ukutani.

Vipimo vya mwendo vilipokwisha, daktari akasema, "Ni Parkinson. Si uchawi, wala si mbege. Ndani ya seli za neva mna protini iitwayo alfa-sinukleini, sote tunayo. Ikijikunja vibaya huziambukiza nyingine mkunjo huo, zikagandana mabonge. Fritz Lewy aliyaeleza mwaka 1912, lakini hadi 1997 ndipo ikajulikana yameundwa na nini. Seli zinazotengeneza dopamini, ile kemikali inayoendesha miondoko yetu, hufa polepole. Mkono ukianza kutetemeka, nyingi zimeshakwenda."

"Kwa hiyo mabonge ndiyo yanayoua?"

"Hapo mabingwa bado wanabishana. Wapo wanaosema sumu ni vile vipande vidogo vinavyotangulia, bonge ni mabaki tu."

"Mbona kwetu hatujawahi kuusikia?"

"Upo. Kati ya 2005 na 2006 watafiti walipita nyumba kwa nyumba huko huko kwenu Hai, kwenye watu zaidi ya 160,000. Wakapata wagonjwa 33, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini." Akaandika levodopa kwenye cheti. "Hii itarudisha dopamini. Mabonge haiyagusi. Na isikatike hata siku moja."

Kisha akamsogezea Babu karatasi. "Andika jina lako, mara tano."

La kwanza lilisomeka. La tano lilikuwa vidoa.

"Mwandiko ulianza kusinyaa lini?"

"Kabla hatujamzika mama yake huyu."

Mama alizikwa 2019. Neema akahesabu, moyo ukampiga. Akatoa mkobani nakala ya mkataba wa kuuza kihamba, ile aliyoichomoa kabatini kwa Mjomba. Machi 2023. Chini yake, jina la Babu: herufi kubwa, zimenyooka, zimejaza mstari mzima.

"Babu, hii sahihi ni yako?"

Mzee aliisogeza karibu na macho, akakaa nayo mpaka daktari akaweka kalamu chini.

"Si yangu. Lakini mkono huu naujua, niliufundisha mwenyewe kuandika." Akamgeukia Neema. "Ni wa mama yako."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO